Anakataa Kula

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na shemeji pia. Mimi si mzima. Tangu wanipasue vidonda vya tumbo, uji wa asubuhi nautapika jioni vilevile ulivyoingia. Nikimaliza kushona kiatu kimoja lazima nijilaze. Siku hizi nalia hovyo, nyundo mkononi, mteja ananitazama. Nifanyeje?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, ila cherehani inanimaliza mgongo. Si walisema kidonda kimepona? Hayo ni mawazo tu, tangu mkeo akuache. Jikaze ule, usitutie aibu. Nakuja Jumamosi.

Dada yako

29 Aprili

Dada,

Shikamoo. Huku wodi ya wagonjwa wa akili hatujuliani hali. Uliniambia, "Tunakwenda kupima damu tu," kisha ukatia sahihi ukaondoka bila kunitazama. Wauguzi wawili walinishika, wa tatu akanisukumia kijiko mdomoni. Nilipotapika wakaandika: anakataa kula.

Jana daktari mgeni alinipiga picha. Chakula cha juzi kilikuwa bado tumboni. Akanichorea mshipa wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka kichwani, unaopita shingoni na kifuani hadi tumboni. Ndio unaoliamuru tumbo lisage. Wangu ulikatwa siku ya upasuaji. Tena, alisema, habari zinazopanda kichwani ni nyingi kuliko zinazoshuka. Tumbo likiteseka, moyo nao huzama.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo sina wazimu?"

"Una njaa," akasema.

Nina kilo thelathini na tisa.

Mdogo wako

6 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Niliogopa utajiua, ndiyo maana nikasaini. Laiti ningekuuliza hata mara moja zaidi! Nisamehe. Chumba kiko tayari, nitakuchujia supu mwenyewe.

Dada yako

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimetoka, nimepanga chumba karibu na kibanda changu cha viatu. Nalishwa kwa mpira uliopitishwa ubavuni hadi kwenye utumbo. Kilo zimefika arobaini na nne, na kulia kumepungua.

Nimekusamehe. Kichwani jambo limekwisha, nakuapia. Lakini nikiona tu mwandiko wako juu ya bahasha, tumbo linajikaza, kichefuchefu kinanishika mpaka nafunga mpira. Siku hiyo sili.

Barua zako tatu za mwisho sijazifungua. Usije.

Mdogo wako