Kona ya Nyuma ya Chumba Chako

Nyumbani,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Salamu nyingi kutoka kwa kaka yako. U mzima? Kile kikohozi ulichonisimulia kwenye simu kimekuachia? Usijifanye jasiri, nenda ukapimwe. Sisi huku hatujambo, kiasi cha mtu kuweza kusema hajambo. Mama sasa anakula nusu sahani badala ya robo, nasi tunayaita hayo maendeleo. Goti langu linanisumbua asubuhi, ila likishapata joto la kazi linanyamaza.

Najua bado linakuuma kwamba hukuwahi maziko ya baba. Usijilaumu, safari ya siku mbili haimalizwi kwa saa chache. Hata fundi bomba, jirani yetu yule wa utani mwingi, alilia kuliko sisi watoto. Kiti cha baba kipo palepale mlangoni na hakuna anayekikalia.

Umeniuliza mara tatu kuhusu chumba chako, na mara tatu nimekujibu habari nyingine. Leo nakujibu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ningekata.

Unakumbuka baba alivyotufundisha misingi ya nyumba kwa vyombo vya sebuleni? Benchi refu lilikuwa msingi wa mkanda, ule mtaro mmoja wa zege unaopita chini ya kuta zote. Miguu ya meza, kila mmoja na kigae chake chini, ilikuwa nguzo na vitako vyake. Na jamvi la zege, linalotandazwa chini ya nyumba nzima pale udongo unapokuwa mbovu, lilikuwa sinia la mama, nawe ukakalishwa juu yake uwe nyumba. Sinia likapinda. Mama hakucheka.

Chumba chako alikijenga uani, ili siku ukirudi usikose pa kuweka mabegi. Kona yake ya nyuma iliangukia pale lilipokuwa shimo la taka tulilolifukia zamani. Nilimshauri amwage jamvi. Akakataa, akasema mkanda unatosha, mradi tuchimbe mpaka ardhi ngumu, hata kama kona ile itatufikisha kifuani. Na kwa hilo alikuwa sahihi.

Kipimo chake unakijua: mtaimbo mrefu, unaudondosha mara tatu mahali pamoja bila kuusukuma. Ukizama zaidi ya upana wa vidole vinne, endelea kuchimba. Baba hakuamini macho ya mtu wala mdomo wake. Aliamini mtaimbo.

Siku tuliyofika kona ya nyuma, presha ilimpanda akabaki amekaa kivulini. Kona nikaichimba mimi. Wingu lilikuwa limetanda, wachanganya zege walishaanza kunung'unika, na mgongo ulikuwa unaniwaka moto. Nilipofika kiunoni nikaona udongo umebadilika rangi, nikaridhika. Baba akauliza kutoka kule kivulini, “Umeudondosha?”

Nikamjibu, “Nimeudondosha, mzee. Ni pagumu.”

Mdogo wangu, sikuudondosha. Mtaimbo ulikuwa umeegemezwa ukutani, hatua kumi tu kutoka nilipokuwa, nami nikaona uvivu kuufuata.

Mvua za mwaka uliofuata kona ikashuka. Ufa ulianzia sakafuni ukapanda hadi dirishani, na kiganja changu kikawa kinaingia. Fundi bomba akatania kwamba nyumba ya fundi imeanza kucheka. Siku hiyo baba alicheka naye, lakini watu walipoacha kumwita kazini hakucheka tena. Kila aliyemuuliza alipata jibu lilelile: “Nimezeeka. Kona ile niliipima vibaya.” Akaanza kugawa zana zake. Mwiko alinipa mimi, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo hadi anafariki nilikuwa na miezi minane ya kusema ukweli. Nilijiambia nitasema akipata nafuu ya ile presha, na nafuu hakuipata.

Wiki iliyopita nilianza kuitengeneza. Nachimba pembeni mwa ukuta kidogo kidogo, ili nipitishe zege jipya chini ya lile la zamani mpaka pagumu. Tangu jembe la kwanza nilishangaa, udongo ulikuwa laini kama uliochimbwa jana. Chini kabisa, ubavuni mwa mkanda, nikakuta mfuko mtupu wa saruji umetandazwa. Wewe unajua ni nani alikuwa akitandaza mfuko kila anapofukia shimo, ili atakayekuja kuchimba ajue mwenzake aliishia wapi. Nikauinua. Chini yake palikuwa na tundu la mtaimbo. Mkono wangu ulizama hadi kwenye kiwiko.

Nikamwuliza mama. Akasema, “Alichimba wiki ileile ya ufa, wewe ukiwa kazini. Alirudi ndani akanawa, akaniambia nisije nikakuuliza kitu.”

Alijua. Siku aliponikabidhi mwiko alikuwa anajua, na kila alipowaambia watu amezeeka alikuwa anajua. Nimelia ndani ya shimo lile hadi mama akaniletea maji ya kunawa.

Kona itakamilika kabla ya mwisho wa mwezi. Safari hii mtaimbo nimeudondosha mara tatu, kisha mara tatu tena, mama akiwa amesimama anaangalia. Baba sitampata tena nimwombe radhi. Chumba ni chako, kwa hiyo nakuomba wewe.

Mama anakusalimu sana. Shangazi anauliza kama umenenepa, anataka picha ya mwili mzima, si ya uso peke yake. Nisalimie shemeji na wapwa zangu. Mungu akutunze huko uliko, akurejeshe ukiwa na afya.

Mwiko wa baba nimeuosha na kuutundika ndani ya chumba chako. Ukija ukaona sifai kuushika, usinirudishie.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako.