Tuse Alipolala Kifuani kwa Malkia wa Mchanga

Durban, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua ya Tukuyu imewaacha mkaanika nguo, au bado? Huku miili ni mizima. Ya moyoni nitakueleza, nivumilie mwandiko wangu.

Unaposoma haya, mtoto aliyesimama mbele yako ni Tusekile, mjukuu wako, niliyeondoka naye huko akiwa bado wa mgongoni. Mpokee, mama. Aliyemleta ni dada Sekela, muuza vitenge tunayeishi naye chumba kimoja. Usimwulize mengi kabla hajalala, wamekaa kwenye basi siku nne.

Najua utasema, Atupele, mtoto wa miaka mitatu unamtuma kama kifurushi? Ngoja nikueleze.

Baba yake tangu aende Cape Town kutafuta kazi simu haipatikani. Nilikuambia nafanya kazi ya sanaa ufukweni. Sikukudanganya, ila sikueleza yote. Tunachonga mchanga. Unaumwagia maji, unaushindilia kwa miguu mpaka unashikana, halafu unachonga kwa kisu na kijiko. Watu wanapita juu kwenye njia ya miguu, sisi tuko chini, wakipenda wanatupa sarafu kwenye shuka. Aliyenifundisha ni kaka Dezire, Mrundi, kwao alikuwa mwalimu. Ana kitabu cha Kifaransa cha hadithi na mashairi ya kale, jalada halina, kurasa zimevimba kwa chumvi. Wenzetu wanachonga simba na magari, sisi tunachonga watu wa kitabuni. Upepo ukitulia anatusomea, anageuza kwa Kiswahili chao, na Tuse anasikiliza mdomo wazi kama anaelewa yote.

Mwezi uliopita alitusomea shairi la malkia ambaye mwanawe alichukuliwa na ziwa. Malkia akalala ukingoni, akaapa hainuki mpaka ziwa limrudishe. Miaka ikapita, nyasi zikamwota mwilini. Mama, lile shairi lilinishika, sijui kwa nini. Nikamchonga tangu asubuhi, kalala chali, nywele zimetapakaa, mikono wazi. Kifuani nikamwachia nafasi ya mtoto.

Dezire akaja, akatikisa kichwa.

"Mama Tuse, hii haiko malkia. Iko kaburi. Inua yeye kichwa kidogo, watu wa juu waone sura."

"Shairi linasema amelala."

"Shairi iko kwa kitabu. Hapa iko njia ya watu, na watu wanaogopa maiti."

Nikamcheka. Nikamwambia, "Mwalimu, sema tu umeona wivu."

Laiti ningemsikiliza.

Jua likawa kali, mchanga ukaanza kukauka na kuporomoka. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji ya bahari. Si mbali, ni kama kutoka mlangoni kwetu mpaka zizini. Tuse alikuwa na usingizi. Akapanda kwenye ile nafasi niliyoiacha, akajilaza, upepo ukamrushia mchanga miguuni na kwenye nywele. Bibi mmoja wa Kizulu alikuwa anapita juu na wajukuu zake. Akaona mwanamke wa mchanga kalala chali, na kifuani mtoto wa kweli, hatikisiki. Akapiga ukelele ambao bado nausikia.

Nilitupa ndoo nikakimbia. Watu walishajaa, walinzi wakashuka. Tuse akaamka katikati ya miguu ya watu, akaanza kulia. Yule bibi naye analia, kanishika mkono, ananisemesha Kizulu. Nilielewa nusu tu, kwamba mtoto halazwi kaburini. Mlinzi akaangalia sufuria yetu, blanketi, viatu vya Tuse, akaniuliza, "Eish, dada, mtoto anaishi hapa?"

Nikamvalisha Tuse viatu. Kweli, mama, asubuhi mpaka jioni, kila siku, hapo ndipo alipokuwa anaishi.

Kesho yake akaja mwanamke wa ustawi wa jamii. Hakuwa mkali, alimmenyea Tuse chungwa. Lakini alisema akimkuta tena ufukweni atamchukua, ampeleke kwenye nyumba ya watoto. Chekechea nimezunguka, wote wanataka cheti cha kuzaliwa, na makaratasi yetu yameisha muda. Kuna kiwanda Mobeni wamenikubali siku tatu kwa wiki, kukunja mashuka, ila mtoto getini hapiti. Wenzangu wa chumbani wanatoka alfajiri wote. Nimewaza mpaka kichwa kikagoma. Nikaona kama ni kuchukuliwa, achukuliwe na wewe.

Mimi nikivuka mpaka na makaratasi haya sitarudi tena huku kazini, na sitaki kuja kukaa mikono mitupu mgongoni kwako. Nikipata angalau cherehani, nitakuja. Hilo naliamini, mama, hata leo.

Yule malkia nilimbomoa mwenyewe kwa mguu. Dezire hakusema, "Nilikuambia." Alisema tu, "Tutachonga ingine." Sijachonga tena.

Tuse anakula maharage, ndizi bado hajazoea. Anaongea kama Dezire, kila kitu iko, iko, msimcheke. Ukimwuliza hujambo atakujibu "sharp", si utovu wa adabu, ndivyo wanavyoitikiana huku. Halali mpaka ashike sikio la mtu. Mpe lako.

Nisalimie mjomba Ambokile aliyenisomesha mpaka darasa la saba, na shangazi Subilaga aliyenifunga mkanda wa tumbo nilipojifungua Tuse. Mdogo wangu Lusajo mwambie huyu ni mdogo wake sasa, amwachie nafasi karibu na moto.

Jambo moja limebaki. Akiuliza mama anakuja lini, usimwambie kesho. Ndivyo nilivyomwambia mimi leo, akafurahi, akapanga viatu vyake mlangoni. Kesho anaijua, mama. Itamkuta ndani ya basi, na nyingine, na nyingine, na wewe ndiye utakayekuwa naye zikipita. Mwambie mama anakuja, siku usiitaje.

Ni mimi binti yako niliyemvalisha sweta mbili kwa ajili ya baridi ya huko,

Atupele