Springi za Bwana Loxley

Jumatatu, 4 Machi 1957

Springi ya mbele kulia imetoka leo, baada ya siku mbili za mafuta ya taa na nyundo. Majani yake saba, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, yameshikana kwa kutu, utadhani ni chuma kimoja. Springi inatakiwa iwe imepinda kama upinde. Hii imenyooka kama rula. Ndiyo maana gari lilikuwa likigonga kila shimo kama mkokoteni.

Mwenyewe ni Bwana Loxley, wakili, anakaa Hurlingham. Gari la viti viwili, kijani, la Uingereza, la kabla ya vita. Lilikaa bandani kwake miaka minane, kuku wakitaga ndani. Sasa analitaka kwenye maonyesho ya magari ya zamani, Jumamosi ya tarehe 16, kule Barabara ya Ngong. Injini alitengenezewa na Mzungu mwenzake. Huku chini, kwenye kutu na matope, ndiko kwetu.

Sardar, mwenye gereji, amenipa mimi kazi yote ya springi. Hakumpa Mohan, mtoto wa ndugu yake. Mohan amenuna. Anune.

Jumanne, 5 Machi

Loxley alikuja saa nne. Alichuchumaa na suti yake akatazama chini ya gari. Nikamwonyesha pini za magurudumu zilivyolika, na bushi za shaba zinazoshika pini hizo, ambazo tundu zake zimekuwa na umbo la yai. Aliuliza maswali ya mtu anayejua. Halafu akasema, kwa Kiswahili chao: "Zakayo, siku ya show wewe tasimama hapa, karibu na gari. Mimi taambia watu, huyu ndiyo fundi."

Miaka kumi na moja tangu nitoke jeshini. Magari mangapi yamepita mikononi mwangu. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Nimefurahi mpaka nikajionea haya.

Jumatano, 6 Machi

Barua kutoka nyumbani, Maragoli. Mwandiko wa Elisha, mdogo wangu. Baba yuko kitandani wiki ya tatu sasa. Kifua. Anakunywa uji tu. Kila asubuhi anauliza kama nimefika. "Usingoje mwisho wa mwezi," ameandika Elisha.

Nilimwambia Sardar wakati wa chai. Akapangusa mikono kwa kitambaa. "Baba ni baba," akasema. "Wewe nataka kwenda, enda leo. Gari Mohan tamaliza."

Hakuwa na ubaya. Ningependa kumlaumu, lakini hakuwa na ubaya.

Mohan alikuwa akisikiliza. Akatabasamu.

Nimesema nitamaliza kwanza. Siku kumi tu. Baba aliugua hivi hivi mwaka juzi, na mvua ilipoanza alishika jembe. Nimemwandikia Elisha hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Kazi nzuri leo. Nimeyapiga majani yote, moja moja, bila moto, nyundo ndogo juu ya gogo la mti mgumu. Ukipasha moto unaua chuma. Nilichora upinde kwa chaki sakafuni, na kila jani nikalilaza juu ya mchoro mpaka likakaa sawasawa. Sardar alipita akasimama. Hakusema kitu. Kwake hiyo ni sifa.

Nilikuwa naimba. Kwa saa nzima sikumkumbuka Baba. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani nilimwona mtu wa kwetu, ametoka nyumbani majuzi. Alikuwa akinitafuta kwa macho. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kabla ya wimbo wa mwisho.

Jumatatu, 11 Machi

Bushi mpya zimeingia. Pini mpya. Grisi.

Mohan aliniuliza mbele ya wote hali ya mzee wangu. Nikasema anaendelea vizuri. Sijui lolote.

Jumatano, 13 Machi

Gari limeshuka kwenye jeki. Sardar alinituma nikalijaribu. Nilipita Hurlingham, nikashika Barabara ya Ngong mpaka Dagoretti, ambako ng'ombe wa machinjioni wameichimba njia hadi imekuwa mifereji. Nilipita humo makusudi. Nilipokanyaga shimo la kwanza, gari lilishuka, likainuka mara moja, likatulia. Basi. Nilicheka peke yangu. Wachuuzi sokoni walisimama kutazama.

Nikirudi, askari walinisimamisha. Mwafrika ndani ya gari la Mzungu, siku hizi za Hali ya Hatari. Nilionyesha pasi. Nikaeleza gereji. Hawakutaka kusikia. Niliketishwa chini, mikono kichwani, kando ya barabara, zaidi ya saa mbili. Mmoja alinipiga teke la mbavu, bila hasira, kama anayejaribu gurudumu.

Loxley aliitwa kwa simu. Alifika, akaongea Kiingereza na mkubwa wao, wakacheka. Kisha akalizunguka gari. Akapitisha kiganja kwenye kiti. "Wewe nakalia kiti na nguo hii ya grisi?"

Nilikuwa bado niko chini.

Lililo baya zaidi ni hili. Nilipokuwa nimekaa pale sikuwaza mbavu wala Baba. Niliwaza asije akakasirika akaniondoa kwenye Jumamosi.

Ijumaa, 15 Machi

Simu ya maandishi. BABA AMEFARIKI JUMATANO AMEZIKWA. MIMI ELISHA. Jumatano ile ile ya askari.

Sardar ndiye aliyenisomea, nilikuwa chini ya gari. Alichuchumaa, akaninyang'anya spana polepole. "Enda nyumbani, Zakayo." Safari hii alikuwa akiniomba.

Nikaichukua tena spana. Zilibaki nati mbili za kukaza upya baada ya majaribio, zile zinazofunga springi ya kushoto kwenye ekseli. Nilizitazama kwa muda mrefu. Nikawaza: nikiziacha legelege, kesho kwenye mteremko, Loxley na kofia yake. Niliwaza hivyo, sitajisingizia kuwa sikuwaza. Halafu nikazikaza. Si kwa wema. Sikutaka Mohan aseme kwamba kazi yangu ilifunguka.

Gari-moshi la Kisumu ni kesho jioni. Kwa hiyo maonyesho nitayawahi. Na Baba ameshazikwa, haraka ya nini? Nilipiga hesabu hiyo bila kulia. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Jumamosi, 16 Machi

Nilipiga pasi shati. Mlangoni nikaambiwa Waafrika kule, nyuma ya kamba, pamoja na madereva na mayaya. Nikasema mimi ni fundi wa gari la Bwana Loxley. Askari akasema, hata mimi ni fundi.

Magari yalipitishwa kwenye kipande cha barabara kilichowekewa matuta. Mengine yaliruka kama mbuzi. Lile la kijani lilipita kama maji. Watu walipiga makofi. Mzee mmoja mwenye fimbo aliinama akatazama springi, akauliza nani amefanya kazi hii. Nilikuwa hatua kumi tu. Kiingereza nakielewa, nilikipata jeshini.

Loxley alimjibu: "Mimi mwenyewe. Miezi minne, kila jioni."

Kisha akaniona. Akanyanyua mkono kidogo, vile unavyomsalimu bawabu, akageuka.

Ningeweza kupiga kelele. Ningeweza kutaja kila jani na kila bushi, na alama nilizozipiga kwa ndani. Sikufungua kinywa. Baba yangu alikufa akiniulizia, na mimi nilikuwa nikingoja nafasi ya kusimama kwenye nyasi kando ya gari. Hata nyasi zenyewe sikupewa. Namchukia Loxley. Lakini yeye hakunizuia kwenda. Hakuna aliyenizuia.

Nilitoka pale kwa miguu hadi stesheni.

Jumanne, 19 Machi. Maragoli

Mvua imeanza. Udongo wa kaburi umeshashuka, umekuwa karibu sawa na uwanja. Elisha ananisalimu tu, haongei. Mkewe ndiye aliyeniambia: Jumatatu, siku mbili kabla ya kufa, Baba aliamka, akanywa uji, na hakuuliza kama nimefika. Wala Jumanne. Walidhani amepata nafuu.

Leo tumepanda mahindi, mimi na Mama. Mimi nachimba, yeye anatia mbegu na kufukia kwa mguu. Tulifika katikati ya shamba hajaniuliza neno. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa: "Kulikuwa na kazi gani huko, mwanangu?"

Nikamwambia. Springi za gari la Mzungu.

Alitia mbegu kwenye mashimo matatu, manne.

"Na sasa linakwenda vizuri?"

"Linakwenda vizuri, Mama."

"Haya," akasema, akangoja nichimbe shimo linalofuata.