Uso wa Kupigwa Picha

Inje, 9 Desemba

Boram mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi mzima, magoti tu yanalalamika. Kabichi ya kimchi ya mwaka huu tumeitia chumvi bila wewe. Mtungi wako nimeufukia uani, sisemi zaidi.

Kichupa chako kimefika. Seramu ya uso, umeandika. Nilijipaka alfajiri nikatoka vichanjani kutundika samaki. Upepo wa mlimani uliponipiga, uso ukakazika kama ngozi ya ngoma. Jirani yangu Mama Deoksu akaniuliza nimegombana na nani. Ndiyo kazi yako huko Seoul, kuwauzia watu maji ya kuwakausha?

Bibi yako


Seoul, 13 Desemba

Shikamoo Bibi,

Magoti yametulia? Mimi mzima, ila dukani hatupumui.

Uliipaka peke yake ukatoka nayo. Seramu hushika maji; usipoifunika, upepo unayachukua. Nawa uso, usijikaushe kabisa, tia matone machache, bonyeza kwa viganja. Usisugue kama sufuria. Halafu krimu juu yake, ndipo utoke. Na sakafu yako ya kupashwa moto kwa chini inakausha hewa. Usiku tundika taulo bichi chumbani.

Lakini miaka yote unazicheka chupa zangu. Kuna nini?

Mjukuu wako


Inje, 4 Januari

Boram,

U mzima? Mimi sina baya.

Nimefanya ulivyosema, hata taulo. Nikalala juu ya sakafu ya moto, taulo likitoa mvuke, na nje samaki wakiyumba kwenye theluji. Nikaota mimi ni mmoja wao: naganda usiku, nayeyuka mchana, kila siku nalainika kidogo, na hakuna anayeniharakisha. Nilipoamka nikajishika shavu. Likabonyea. Mama Deoksu anasema nimepata mchumba. Nimemwambia anitafutie meno kwanza.

Umeuliza kuna nini. Mwisho wa mwezi mpiga picha anakuja kwenye ukumbi wa wazee. Anatupiga ile picha ya kuwekwa mbele ya waombolezaji, katikati ya maua, siku yangu ikifika. Sitaki watu waje kuinamia samaki mkavu. Kichupa kinaisha. Tuma kingine.

Bibi yako


Seoul, 10 Januari

Bibi,

Situmi. Bila uso mzuri hutapigwa picha, na bila picha huendi popote.

Mjukuu wako


Inje, 15 Januari

Boram,

Hata shikamoo hukuniandikia. Mzima, kama ulitaka kujua.

Umesoma mpaka chuo na bado mjinga. Babu yako hakuwa na picha; akaenda hivyo hivyo. Tukakuza ile ya kitambulisho, na sasa kila mwaka, siku ya kumkumbuka, namwinamia mtu kama aliyekamatwa na kuku wa jirani mkononi. Yule aliyekuwa akiniimbia vichanjani, theluji imemjaa nyusi, uso wake umeanza kunitoka akilini. Umebaki huo wa mwizi. Sitaki nawe ubaki na wangu wa namna hiyo.

Kama hutaki kutuma, lete. Unipake mwenyewe.

Bibi yako


Inje, 20 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo? Safari ya basi haikukusumbua? Tangu uondoke theluji haijakatika, samaki wote wamevaa kofia.

Picha imeletwa. Umeona ulichofanya? Nilikwambia acha kunipapasa, mpiga picha yuko tayari, wewe ukasema, "Bado shavu hili, Bibi." Nikaanza kukugombeza, na yule mpumbavu akabonyeza hapo hapo. Mdomo wazi, pengo lote nje. Wewe amekukata pichani, ila kidole gumba chako kimebaki shavuni kwangu. Anasema anaweza kukifuta. Nimemwambia akiguse aone.

Uso unang'aa, hilo nakubali.

Nimeifunga kwa kitambaa nikaiweka juu ya kabati, nyuma ya mablanketi. Haina haraka. Kichupa ulicholeta najipaka asubuhi na usiku. Ndiyo, picha imeshapigwa, najua. Ila kiganja changu kimekwaruzwa na samaki, hakibonyezi kama chako.

Samaki watashushwa mwezi wa nne. Usinifanye niandike tena kukuita.

Bibi yako