Salamu za Kupandia Mlima

Masijala, Chumba Na. 3,
S.L.P. 48.
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Lile bomba la jikoni limeacha kudondoka? Jirani mwenye redio bado anaamini mtaa mzima ni viziwi? Mimi ni mzima, ila mapaja yananiuma hata nikikaa kuandika. Leo sikati salamu. Wewe uliyekuwa ukinirudisha mlangoni nikusalimie upya, ukisema salamu zangu ni fupi kama risiti, utafurahi ukisikia sababu.

Nilikuambia kwamba nimepata ukarani wa masijala, kwa majaribio ya miezi mitatu, na wiki hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Sasa wakubwa wamehamia jengo jipya juu ya mlima, na sisi tumebaki chini na mafaili. Mkuu wangu alinikabidhi baiskeli ya ofisi. "Mafaili yafike juu kabla ya saa tatu, kila siku. Ijumaa naandika ripoti yako. Kama huwezi, sema mapema." Nikasema naweza. Shangazi, unajua nilijifunzia wapi baiskeli: uwanja wa shule, tambarare kama meza.

Jumatatu niliwaza kuwa mlima mkubwa unataka gia kubwa. Nikauvamia kama ninayefukuzwa, nimesimama juu ya pedali, meno nimeyauma. Hata nusu sikufika. Baiskeli ilisimama, mimi nikalala, mafaili yakatapakaa barabarani. Niliyaokota, nikaikokota baiskeli hadi juu, nikafika saa nne. Mkuu hakunigombeza. Aliandika tu kitu kwenye daftari lake, na hicho ndicho kilichonitia hofu.

Jumanne nikapitwa. Aliyenipita ni tarishi wetu, mama wa miaka hamsini na tisa tunayemwita Mama Pole. Amekaa wima kitini kama anayesubiri chai, nyuma kafunga mzigo mkubwa kuliko wangu, na alikuwa anaongea! Nilishangaa hadi nikasahau aibu.

"Karani, unagombana na nani?"

"Na mlima, mama."

"Mlima haujui hata kama wewe upo. Shuka. Hiyo gia ni ya tambarare. Weka nyepesi kabisa kabla hujaanza kupanda, kaa kitini, miguu izunguke. Haya, nisalimie."

"Shikamoo."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sij—"

"Hujajibu. Unakimbia. Punguza."

Hiyo ndiyo siri yake yote. Anayeshindwa kumaliza salamu anakwenda kasi kuliko pumzi zake. Siku tatu tulipanda hivyo: za nyumbani, za kazi, za mbuzi. "Mbuzi sina, mama." "Sema wazima, tuendelee!"

Jana, Ijumaa, alitumwa kwingine. Nilipanda peke yangu. Kwa kuwa sikuwa na wa kusalimiana naye, nilikusalimia wewe, kwa sauti, na kukujibia. Fundi viatu wa kando ya barabara alidhani nasema naye, akaitikia, "Salama tu, kijana!" Barabara ikawa inapita chini yangu polepole, na sikuamini kuwa ni miguu hii hii.

Kwenye kona ya mwisho nikauliza, "Na goti lako, Shangazi, tangu upasuaji?" Nikakosa jibu. Barua zote nilizokuandikia zimejaa habari zangu. Hilo sijawahi kukuuliza. Kipande kilichobaki nilikipanda nikizihesabu barua hizo.

Juu nikageuka. Dirisha la masijala lilikuwa dogo kama stempu, na mji wote ulionitisha tangu nifike ulikuwa umetandazwa chini, bila sauti. Mwili ulinisisimka. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na nilikuwa nimekifikia kwa kusema hujambo.

Saa tatu kasorobo mafaili yalikuwa mezani. Jioni Mkuu akanipa ripoti: nimethibitishwa kazini.

Nisalimie Babu, Dada Mkubwa na wanawe pacha wasiojua kulala. Mungu akupe ngazi fupi na siku ndefu.

Tafadhali niandikie goti linaendeleaje, kweli kweli, si "nzuri tu". Jumatatu napanda tena, na pale konani bado sina la kukujibia.

Mwana wa kaka yako, akupendaye hata akiishiwa pumzi.