Kwako Baba Levi, Uliyetangaza Kura Watu Wakaleta Masufuria

Mwaka umekatika, Baba, tangu utuage pale hospitalini Kitale, ukiwa umetoka kulalamika kwamba chai yao imepikwa na mtu asiyependa watu. Ulikuwa umekuja nyumbani likizo tu. Begi lako la kurudia Japani lilikuwa limeshafungwa, na tiketi ya Mama ilikuwa pamoja na yako. Tukakulaza hapa Matulo, upande wa chini wa shamba, mahali ulipopachagua mwenyewe kwa sababu, ulisema, hapo mahindi hayajawahi kufanya vizuri.

Tunakuandikia ili ujue tunavyoendelea, na majirani wanaosoma wana ruhusa ya kusikiliza. Habari kubwa ya mwaka huu ni Mama. Tangu tulipokuzika amekuwa na jambo moja linalomkosesha usingizi: abaki Matulo karibu na kaburi lako, au arudi kwa wale wazee wako wa ng'ambo waliobaki bila mchungaji. Tutakueleza alivyoamua. Lakini tuanze na wewe, maana siku ni yako.

Mama yako alikuita Revi tangu utotoni, na hakuwahi kukuita vingine. Ulipoingia chuo cha Biblia ndipo ukaambiwa kwamba jina lako ni Levi, na hata hapo ulijitahidi kulitamka hivyo siku za Jumapili peke yake. Ulimi wako ulikuwa wa Bungoma. L na R zilikaa humo kama ndugu wawili wanaoazimana shati moja, na hatukujua asubuhi ipi nani kalivaa.

Mzee Kemboi wa kanisa letu la Kibaptisti pale Tuwan, mjini Kitale, alikuwa akikuvizia mlangoni baada ya ibada ili akusahihishe.

"Mchungaji, ni Levi. Kweli jina lako mwenyewe linakushinda?"

"Mzee, mwenye kunipa hilo jina ni mama," ulimjibu, "na yeye aliniita Revi. Sasa nimbishie mama?"

Kila tukikutana lazima mtu aikumbushe ile Jumapili ya kura. Kanisa lilikuwa limegawanyika vibaya juu ya nani awe mwenyekiti wa wazee. Waliomtaka Kemboi walikaa upande wa madirisha, waliomtaka Mzee Situma walikaa upande wa ukuta, na hapo katikati palibaki nafasi ya kupitisha mkokoteni. Watu waliosali pamoja miaka mingi walikuwa hawasalimiani. Ndipo uliposimama mimbarani ukatangaza: "Wapendwa, Jumapili ijayo baada ya ibada mtu asiende nyumbani. Tutakuwa na kula. Kila mshirika aje tayari."

Washirika wakaja tayari. Akina mama walifika na masufuria ya kuku, ugali wa wimbi umefungwa kwa vitambaa, mrenda, ndizi, na chupa za chai. Jirani yetu Yakub, muuza vitambaa wa karibu na msikiti, alikuwa amesikia tangazo kupitia kipaza sauti chako, na hakutaka kuonekana mchoyo. Alimtuma mkewe Khairunisa na beseni la chapati. Mzee Kemboi naye aliingia amekumbatia sanduku la kura na kusimama nalo mlangoni.

"Hii ni nini?"

"Ni kula, mzee," akina mama wakamwambia. "Si mchungaji alitangaza?"

Ulijikuna kichwa kwa muda. Ungeweza kukasirika, ungeweza kuwarudisha nyumbani. Badala yake ulisema, "Basi tule kwanza." Na kwa vile sufuria za upande wa madirisha zilikuwa na nyama na sufuria za upande wa ukuta zilikuwa na ugali, hapakuwa na namna ila watu kuvuka ile nafasi ya katikati. Sahani zilipooshwa, Mzee Situma alisimama akasema, "Mimi nimeshiba kuku ya Mama Kemboi. Nitampinga vipi tena?" Tangu siku hiyo Tuwan hawapigi kura ya chochote kabla ya kula, na wageni wakiuliza sababu huambiwa ni mafundisho ya mchungaji.

Ulikuwa mtu wa kuomba kwa ufupi na kula kwa urefu. Ulipanda Kapsokwony kuhubiri kwa pikipiki, na penye mlima mkali ulishuka ukaisukuma ukiimba, dereva akitembea nyuma kwa aibu. Kila Jumamosi alasiri ulipiga rangi viatu vya nyumba nzima, na mgeni akivua vyake mlangoni ulivipitia navyo kimyakimya. Ulimwita Mama kwa jina lake, Agneta, mbele za watu, jambo ambalo wazee wenzako waliliona ni la kizungu. Wewe ulisema ni jina zuri na hukulipia kulitamka.

Kisha, umri ukiwa umeshapita hamsini, ukatuambia Mungu anakutuma Japani.

Tuseme ukweli, tulicheka. Sisi tulizoea wamishenari wakiletwa, hatukujua kwamba Matulo nayo inaweza kuwatoa. Ulipoenda mbele ya kamati ya kutuma, bwana mmoja alikuuliza kama mtu ambaye Kiswahili chenyewe kinamyumbisha ataiweza lugha ya Wajapani. Siku hiyo ulirudi nyumbani hujaimba. Mama alikuwa akichagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wewe umeitwa na kamati ama umeitwa na Mungu?"

"Na Mungu."

"Basi kamati wangoje wasikie Kijapani chako."

Kumbe Wajapani nao L na R ni kitu kimoja kwao. Ulitusimulia hayo kwa simu ukicheka mpaka ukakohoa. Mlikuwa mmefika kwenye mji mdogo wa kaskazini, theluji imefika madirishani, na kanisa lenyewe ni wazee wachache waliojipanga mstari kuwapokea. Wa kwanza alikuwa Bi Kurihara, mkulima wa vitunguu, mama mdogo wa umbo na mkavu wa maneno. Aliinama, akajaribu kulitamka jina lako kama lilivyoandikwa, likamtoka "Revi." Ulimshika Mama mkono ukamwambia, "Agneta, hapa ni nyumbani."

Mama ndiye aliyeiwahi lugha. Wewe ulijua Kijapani cha mtume Paulo, yeye alijua Kijapani cha sokoni, na hicho cha sokoni ndicho kilichovuta watu waje kuwasikiliza. Uliwafunza wazee wako salamu za Kiswahili ili nao wapate kukucheka kidogo, ila wao hawakuona cha kuchekwa. Miaka yote ile ulibatiza mtu mmoja tu, huyo huyo Bi Kurihara, tena mtoni, kwa sababu ulikuwa umemsifia sana mto Nzoia wa kwetu. Mlitoka majini mnatetemeka wote wawili. Kitale walipouliza mavuno yako, ulijibu, "Mmoja ni mtu, bana," ukaendelea na chai yako.

Sasa habari za Mama.

Tulipomaliza mazishi, wale wazee walianza kupiga simu ya video kila Jumapili, kwao ikiwa alasiri na huku bado asubuhi. Mwanzo ilikuwa kumpa pole. Baadaye wakamwomba awaanzishie wimbo. Halafu asome neno. Halafu, kwa kuwa ameshasoma, awaeleze kidogo maana yake. Mama alikaa mlangoni pa jikoni, maharagwe ya kuchagua mapajani, kuku wakipita mbele ya simu, akieleza kidogo mpaka maharagwe yakaisha. Ukimwambia amehubiri anakukatalia kabisa.

Miezi ilivyosogea, Bi Kurihara alimwambia lililokuwa nyuma ya simu hizo. Wenye jengo walitaka kujua kama kuna mtu atakayekaa humo, la sivyo kanisa litoke. Wazee walikuwa wameomba wangojewe mpaka mwaka wa msiba uishe. Hakumsukuma Mama hata kidogo. Alisema tu kwamba viatu vyako vya ndani bado viko pale mlangoni, na vya Mama kando yake, na kwamba hupanguswa vumbi.

Mama alituuliza sote. Fridah, binti yako, alilia na kusema aende, kisha akalia na kusema asiende. Mzee Kemboi alikuja kutoka Kitale akiwa amevaa suti.

"Mama, mchungaji alitumwa. Wewe utaenda kama nani?"

Swali hilo lilimuuma Mama. Alikwenda kama mke wa mchungaji, na sasa alikuwa mjane. Kweli, angerudi huko kama nani?

Lakini mlima mkubwa ulikuwa mdogo wako Mukhisa. Wewe unamjua. Akishasema hapana, hata ng'ombe wanakaa chini. Kwake yeye mjane hana safari.

"Muramwa, hii kabuli unaachia nani?" alimwambia, maana shemeji kwetu ni muramwa. "Mwanamke wa kwetu hakai mbari na bwana yake. Watu watasema umetoroka."

Mama anamheshimu Mukhisa, na hakutaka kuondoka kwa ugomvi akiacha nyumba imepasuka. Tulimwona akipungua. Alianza kukunja nguo zake na kuzikunjua tena, na Jumapili simu ikilia aliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Sisi tulidhani ameshakubali kubaki. Yeye anasema alikuwa ameshakubali kweli, ila moyo ulikuwa haujaambiwa.

Jumapili moja, wiki chache kabla ya mwaka kutimia, wale wazee waliomba kuliona kaburi. Mama aliteremka shambani na simu mkononi. Mukhisa akaja pia, kofia kichwani na fimbo mkononi, ahakikishe kwamba hakuna mambo ya ajabu yatakayofanywa juu ya kaka yake. Mama aliielekeza simu kwenye msalaba. Wazee wakainama wote pamoja na kukaa vile kwa muda mrefu. Kisha Bi Kurihara akasogea mbele, akasema kwa Kiswahili ulichomfunza:

"Hamjambo, watu wa Maturo. Sisi tumerara sarama. Nyinyi mumeraraje?"

Mukhisa aligeuka.

"Huyu mama ni wa wapi?"

"Ndiye Bi Kurihara. Wa Japani."

"Hapana. Huyu ni wa huku. Huyu ni wa Webuye kabisa." Akaichukua simu mwenyewe, akaishika mbali na macho kama anavyoshika dawa ya chupa. "Tumerara, mama. Tumerara vizuri sana. Ni nani arikufunza?"

"Revi," alisema Bi Kurihara, na wazee nyuma yake wakaitikia, mmoja mmoja, "Revi. Revi."

Baba, tangu mama yako afe, mtu aliyebaki kukuita hivyo hapa Matulo alikuwa Mukhisa peke yake. Alivua kofia. Aliwatazama wale wazee, nao wakamtazama, na mmoja wao alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa sweta. Alipofungua mdomo, alikuwa hasemi nao, alikuwa anasema na Mama.

"Muramwa, hawa watu wamefiwa."

"Ndiyo, Mukhisa."

"Mwaka mzima. Na hakuna mtu wa kwetu ameenda kuwapa pole?"

Wewe unajua ndugu yako anavyochukulia mambo ya matanga. Huyu ni mtu aliyewahi kutembea kwa miguu hadi Kimilili kumpa pole mtu waliyegombana naye. Kukaa kimya wenzako wakiwa wamefiwa, kwake yeye, ni aibu isiyofutika. Alivaa kofia yake tena, akamrudishia Mama simu.

"Sasa unangoja nini? Waambie unakuja. Waambie sisi tumechelewa, watusamehe."

Ndivyo ilivyokuwa, Baba. Mzee Kemboi aliposikia, alitaka kuuliza tena swali lake, kisha akaliacha. Kanisa la Tuwan lilikutana kumwombea Mama safari, na kabla ya maombi, bila shaka, watu walikula. Yakub alimpa kitambaa kizito cha kujikinga na theluji na kukataa shukrani. Mukhisa alimfungia Mama karanga na wimbi, kwa sababu mtu haendi kwa wafiwa mikono mitupu, akaagiza kwamba akifika akae nao mpaka watakapotosheka. Tulipomuuliza Mama watatosheka lini, alitabasamu akasema wale wazee si watu wa kutosheka haraka.

Wanaokukumbuka leo ni mdogo wako Mukhisa, binti yako Fridah na mumewe, wajukuu zako Ivy na Linah, Mzee Kemboi na washirika wote wa Tuwan, na majirani zako Yakub na Khairunisa. Kukusahau hatuwezi, Baba, hata tukijaribu. Mkeo Agneta anakukumbuka kuliko sisi sote, ila leo usimtafute hapa Matulo. Amekwenda kuwapa pole wafiwa.