Habari za Lumirela na Jina la Mtoto

Mabanga,
S.L.P. 84,
Bungoma.
12 Oktoba 2024.

Mpendwa Auntie Beth,

Pokea salamu nyingi kutoka Mabanga, zikiwa bado moto. Hujambo huko Saskatoon? Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia limeanza kutabiri theluji kabla ya redio, nami nikacheka peke yangu jikoni mpaka Walubengo akaja kuuliza kuna nini. Natumaini unalifunga vizuri, na kwamba ile sukuma wiki uliyoipanda kwenye ndoo karibu na dirisha haijafa kwa upweke.

Sisi tu wazima kabisa. Mkweo Walubengo bado anafundisha wakulima hapa Mabanga, na bado anavua viatu vya matope sebuleni badala ya mlangoni. Binti yetu Nakhungu yuko gredi ya pili, meno ya mbele yameng'oka, na anazungumza zaidi kuliko alipokuwa nayo. Kule Kiminini mahindi yamekauka shambani yanangoja kuvunwa. Mama, dada yako, ana afya nzuri, usiwe na wasiwasi hata kidogo.

Najua simu ya juzi ilikuchanganya. Mama alikwambia hana jina, akalia, akacheka, kisha mtandao ukakata. Nawe ukanitumia ujumbe ukiuliza kama tumempeleka kwa daktari. Auntie, mama hana kasoro yoyote kichwani. Ila jambo lenyewe haliingii kwenye simu, ndiyo maana nimekaa chini na karatasi. Nitakueleza yote, na mwishoni utaona kwamba kuna kazi inayokungoja wewe.

Lazima nianzie Lumirela. Unaukumbuka ule mji wangu ninaouandikia kitabu? Ni mji wa maelfi, wale watu warefu wa hadithi za Ulaya, wenye masikio yaliyochongoka, wasiozeeka wala kufa. Walimu wenzangu shuleni walinishauri niwaache maelfi huko kwao. Mimi nikawaambia mlima tunao, misitu tunayo, na mapango ambamo tembo huingia kulamba chumvi tunayo. Kwa nini maelfi wasije kukaa hapa?

Basi Lumirela uko begani mwa mlima unaofanana sana na Elgon, ndani ya miti mikubwa ambayo imeachwa ikue mpaka ikawa na vyumba. Huko nyumba haijengwi, hupandwa. Vijana wakichumbiana wanatia mbegu ardhini, na miaka tisini baadaye wanahamia, bila haraka, kwa kuwa wakati wanao. Barabara zao ni mizizi iliyosukwa juu ya mto. Ukungu ukiondoka asubuhi utawaona wamekaa nje wakichanana nywele na kuimba taratibu, kila ukoo na sauti yake. Nakwambia bila aibu kwamba ni mji mzuri, na nikimaliza kitabu wewe mwenyewe utataka kuhamia huko na goti lako.

Mpigachapa wangu ni mama mkwe, Mama Phelista. Utamkumbuka kutoka kwenye harusi yangu, yule wa miwani yenye kamba aliyekataa kukalia kiti cha plastiki. Alipiga chapa katika ofisi za serikali Bungoma mpaka akastaafu, lakini vidole havikustaafu. Mimi naandika kwa kalamu, yeye anachapa kwenye kompyuta ya Walubengo bila kutazama herufi, na anakosoa huku akichapa. "Hawa watu wako wanakunywa nini asubuhi? Umande? Bana, weka chai!" Nikaweka chai. Siku nyingine akasema mji bila ofisi ni kambi tu. Sasa Lumirela una ofisi langoni, ndani ya shina la mti, na wageni wanapanga foleni vizuri.

Mambo yaliharibika kwenye sura ya kumi na moja. Malkia wa maelfi anapata binti wa pili. Huko mtoto kuzaliwa ni jambo kubwa sana, mji mzima unashuka kutoka mitini. Nami nikampa mtoto jina la nyanya yake, mama wa malkia, ambaye amekaa pale pale kando ya moto anakula. Wala sikufikiri mara mbili. Kwetu unajua ilivyo: msichana wa kwanza ni wa mama wa mume, wa pili ni wa mama wa mke, na mwenye jina akiwa hai ndiyo raha zaidi, amwone mwenzake akitambaa.

Mama Phelista akaacha kuchapa. Akaja jikoni na ile karatasi, miwani ikining'inia kifuani.

"Huyu nyanya amekufa ukurasa gani?"

"Hajakufa, Mama. Maelfi hawafi."

"Sasa mbona mnamvua jina na bado anapumua? Mayi! Hii mimi sichapi."

Auntie, kwa akina Walubengo jina hutoka kwa wale waliotangulia. Nakhungu wetu anaitwa jina la nyanya wa Walubengo, aliyezikwa zamani. Kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni sawa na kumwonyesha huyo mtu kaburi lake na kumwambia aharakishe. Na wakati Mama Phelista amesimama pale na karatasi, mimi nilikuwa na tumbo mpaka hapa, na hospitali ilikuwa imeshatuambia ni msichana. Wa pili. Hakuwa anazungumza habari za malkia hata kidogo. Alikuwa amesoma mwandiko wangu akaona nia yangu yote imekaa hapo wazi.

Na nia yangu ilikuwa hiyo. Wewe unaijua nyumba yetu, mimi ni mtoto pekee. Nimefika miaka arobaini na moja, na daktari alishasema huyu awe wa mwisho. Kama mtoto huyu hangeitwa Nyaguthii, jina la mama lingeishia kwa mama, pale Kiminini, na hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelibeba. Nilitaka mtoto alipate mama akiwa bado ana macho ya kuliona.

Nilimpigia mama nikamweleza. Akasema, "Mwambie Phelista kifo hakisomi vitabu. Na kama kinasoma, kianze na vya wengine." Tukacheka. Halafu sauti ikabadilika. "Wamboi, haki mimi siogopi kufa. Naogopa kuisha." Nilikata simu nikalia kama mtoto, sikufichi.

Usidhani Mama Phelista ana roho mbaya. Wale wawili ni marafiki kutuliko mimi na mama yangu. Kila Jumapili jioni wanapigiana simu na kuwasema watu wa Kiminini na Bungoma mpaka chaji iishe. Nilipomsukuma sana alinijibu: "Mama yako ndiye rafiki niliyebaki naye. Unataka nimzike na hivi vidole vyangu?" Walubengo naye, mwanamume wa kweli, akakumbuka ghafla kwamba ana viazi vya kukagua.

Lumirela ukakwama. Nilimwandikia Mama Phelista sura ya mafuriko na sura ya tembo waliopotea pangoni, akazichapa zote. Ile ya mtoto ilikaa kando ya kompyuta, chini ya kikombe chake cha chai. Kule mlimani maelfi wangu walikuwa wameshuka mitini wakamzunguka mtoto asiye na jina, na hapa Mabanga na sisi hivyo hivyo. Lakini sikukata tamaa. Nilijua njia iko, ila sikujua ningeitafuta upande gani.

Siku moja tulikuwa tunachambua maharagwe, akaniuliza, "Hao watu wako, kama hawafi, majina wanatoa wapi?" Mimi niliyeumba ule mji na mito yake yote sikuwa nimelifikiria hilo. Nikamwambia sijui. Akaniangalia kwa huruma, kama wanafunzi wanavyomwangalia mwalimu wakimpata hajui.

Kesho yake nikakuta kurasa mbili mezani ambazo sikuziandika. Alizitunga mwenyewe! Nilikasirika kwanza, maana mji ni wangu. Kisha nikasoma. Katika Lumirela, kaandika, jina halirithiwi kwa wafu, kwa sababu hawako. Mwenye jina hulileta mwenyewe. Anakuja kwa miguu yake mpaka mlangoni, anaulizwa yeye ni nani, anajitaja kwa mara ya mwisho, kisha anamwambia mtoto lile jina sikioni na kuliacha hapo. Tangu siku hiyo hakuna ruhusa ya kumwita nalo tena. Anachukua jina jingine na kuendelea na maisha. Jina haliwi na watu wawili, kwa hiyo hakuna anayeitiwa kifo.

Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na unajua mimi sisemi maneno hayo ovyo. Nilimtazama Mama Phelista. Alikuwa anajifanya anafuta vumbi kwenye kompyuta.

"Hii ni ya kitabu tu?" nikamuuliza.

"Kwani mama yako hana miguu?" akasema.

Mtoto alizaliwa salama, mnono, na sauti ya kuita ng'ombe. Mama Phelista ndiye aliyepiga simu Kiminini, tena kwa kiburi, kana kwamba wazo halijawahi kuwa la mtu mwingine. Mama akaja Jumamosi na akina mama wa kanisa lao, wakiwa na unga, sukari na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, ya kutosha kulisha wazazi wote wa kata hii. Nilikula njahi mpaka maziwa yakalowesha blauzi mbili.

Lakini kabla hawajaingia, Mama Phelista alisimama mlangoni akaweka mkono kwenye mwimo. Wale akina mama walidhani kuna ugomvi, mmoja akaanza kushusha kikapu.

"Wewe ni nani?" Mama Phelista akauliza.

"Mimi ni Nyaguthii," mama akasema. Auntie, hakuwahi kulitaja jina lake vile. Alilisema polepole, kana kwamba anakunja nguo ya kumpa mtu.

"Umeleta nini?"

"Nimeleta jina langu."

Akapishwa. Akamchukua mtoto kwangu, akainama, akamnong'oneza. Mtoto alikuwa amelala, wala hakujali. Tuliokuwa pale tulikuwa tunatokwa na machozi, hata Walubengo aliyesema ni moshi, na jikoni hakukuwa na moto.

Mama Phelista akauliza tena kama inavyotakiwa: "Na sasa wewe ni nani?"

Hapo ndipo tulipogundua hatukufikiria mpaka mwisho. Katika kitabu elfi mzee anajibu mara moja, jina jipya analo tayari. Mama yangu alifungua mdomo, akatuangalia mmoja mmoja. Maisha yake yote majina amepewa: la kwanza na wazazi, kisha mke wa Kibe, kisha mama Wamboi. Hakuna aliyewahi kumuuliza anataka kuitwa nani. Akasema, "Sijui." Akacheka, akalia, akaketi.

Tukaanza kumpendekezea. Kila mtu na lake, na Mama Phelista alikuwa na manne. Mama akakataa yote. Tangu hapo hataki mzaha. Ukimwita Nyaguthii anakuelekeza kwa mtoto. Mama Phelista ameacha kabisa, siku hizi anamwita "wewe wa Kiminini". Jumapili iliyofuata, kwenye chama cha akina mama kanisani, katibu aliita majina akafika kwake, mama akatulia tuli. Katibu akamwandika hayupo, huku wanatazamana.

Sura ya kumi na moja imechapwa. Lumirela unaendelea, na wiki hii wanapanda mti wa mtoto. Mimi nina hakika na kitabu hiki kuliko nilivyowahi kuwa na hakika na kitu chochote.

Sasa kazi yako. Nilimuuliza mama anangoja nini, naye akasema anakungoja wewe. Anasema wote waliomjua kabla hajaolewa wameshaondoka, umebaki wewe peke yako. Anasema kuna jina ulilokuwa ukimwita mlipokuwa wadogo, mkienda mtoni, kabla hujapelekwa shule. Nilimbembeleza anitajie, hakunitajia. Anataka kujua kama bado unalikumbuka. Kwa hiyo Auntie, mpigie simu, na akiinua usiseme halo. Mwite.

Walubengo na Nakhungu wanakusalimu sana, na Mama Phelista anauliza kama huko kuna viti visivyo vya plastiki, akija kukutembelea. Nisalimie akina mama wa kanisa lenu. Mungu akutunze na baridi, akulinde goti, na akurudishe nyumbani umpakate huyu mpya kabla hajawa mzito.

Ni mimi mtoto wako nikupendaye,

Wamboi,
niliyekuwa binti Nyaguthii, sasa mama Nyaguthii.